Sketi Namba Thelathini na Tisa

Nilipomwambia dada yangu Holo nimeagiza sketi
akauliza: ya solo, au ya marinda?
Nikasema: ya magurudumu.
Simu ikanyamaza
kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa sato.

Nina miaka hamsini na mmoja.
Jumatatu hadi Ijumaa niko masijala ya ardhi,
napanga mafaili ya viwanja vya watu,
nani anapakana na nani,
nani kahamisha jiwe la mpaka usiku.

Mwanza haikujengwa kwa ajili ya vitu vinavyobingirika.
Imejengwa juu ya mawe, kando ya mawe, chini ya mawe
ambayo kila mgeni huapa yataporomoka kesho,
na kesho yapo palepale, yameanikiwa nguo.
Kutoka kwangu Mabatini hadi kwenye lami iliyonyooka
nashuka ngazi mia moja na kumi na nne,
viatu nimevifunga kamba, vinaning'inia begani
kama kuku wawili wa mnada.

Jumapili, kabla ya adhana na kabla ya kengele,
nyuma ya kiwanda cha minofu kuna maegesho ya malori.
Mlinzi anaitwa Lushinge.
Mwezi wa kwanza alicheka hadi tochi ikamponyoka.
Siku hizi nikifika namkuta ameshafagia kokoto.

Kulia.
Kushoto.
Goti linalia kama bawaba ya choo cha shule.
Kulia.
Halafu pale kwenye kona, sijui lini hasa,
uzito wangu unashuka na kuniacha,
na ziwa, lililokuwa mkono wa kushoto, liko kulia,
liko nyuma, liko kushoto tena,
harufu ya samaki inabaki pale pale, mimi sipo.

Wengine husafiri kwenda kuhiji,
wengine kwenda kuona wajukuu.
Mimi napiga simu nauliza: sakafu yenu ikoje?
Bukoba nilikwenda kwa meli, usiku kucha, daraja la tatu,
kwa sababu ya ukumbi mmoja wa parokia,
terazo nyekundu iliyong'arishwa na harusi za miaka arobaini.
Musoma kuna kiwanja cha mpira wa kikapu
chenye ufa mmoja. Naujua. Umenijua.

Na mwezi uliopita, Kisumu,
maana nilisikia kuna watu wazima kumi na wawili,
wana mvi, wana mikopo, wana magurudumu.
Sirari, afisa wa forodha akafungua begi.
"Hivi vya mtoto?"
"Vyangu."
Akaviangalia. Akaniangalia. Akarudi kwenye viatu.
Akalisukuma gurudumu moja kwa kidole
likazunguka
likazunguka
foleni nyuma yangu ikisonya, magunia, mama na mtoto wake,
likazunguka bado,
na uso wa yule kijana ukawa na miaka tisa.
Akaifunga zipu mwenyewe, taratibu.

Kisumu nilianguka mara mbili.
Mara ya pili aliniinua Atinga, fundi wa meno ya bandia,
miaka sitini na miwili, kofia ya manjano.
"Umetoka Mwanza kote huko kuja kuanguka hapa?"
Nikamwambia: "Kwetu nimeshaanguka kila mahali."

Leo Jumatatu. Goti limevimba kama kiazi
chini ya sketi, ile nyingine,
ya marinda, pana, Holo kaishona bila kuambiwa,
kaituma kwa basi na kikaratasi:
*basi angalau zikutane.*
Mteja ameinama dirishani,
anataka kujua kiwanja chake kinaishia wapi.
Nafungua ramani, namwonyesha mstari kwa kalamu.
Chini ya meza
miguu imeshatoka.