Mguu Huambiwa Kwanza

Miaka arobaini mama alipeta bila kuitazama mikono yake.
Aliongea na Kadenge wa ng'ambo ya ua kuhusu bei ya sukari,
akamkemea mbuzi, akauliza nani kaacha mlango wazi,
na ungo ukaruka, ukapokewa, ukaruka,
makapi yakienda zake na upepo wa Mbale,
kana kwamba kuna mtu mwingine ndani yake
anayeshughulikia hayo.

Alikuwepo.
Januari, kiharusi kikamfukuza.

Siku zile mkono wa kulia ulikaa pajani
kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba.
Tulipoukunjua, ulikataa.
Tulipouacha, ulijikunja.
"Nguvu ninazo," mama alisema, kwa mdomo ulioinama kidogo,
"ila haisikilizani."

Adagala, mganga wa viungo, alikuja Alhamisi kwa Alhamisi,
pikipiki yake ikipiga chafya kwenye mawe ya mteremko.
Hakuanza na mkono.
Alisimama sebuleni, akapandisha suruali hadi gotini, akaniambia:
"Kageha, shika hapa. Shavu la mguu."
Nikashika, nikiona haya.
Akainua mkono wake mbele, kama wa kuchukua kikombe rafuni.

Nyama ikakaza chini ya vidole vyangu
na mkono ulikuwa bado haujaondoka.

"Umeona? Mguu huambiwa kwanza.
Mkono ukienda mbele, mwili wote hutaka kuufuata.
Bila ile habari ya mapema
ungeanguka kifudifudi kila ukitaka chai."

Usiku ule sikulala vizuri.
Nilikuwa nainua mkono gizani, nashusha, nainua,
nikijaribu kumfumania mjumbe
anayeteremka uti wa mgongo mbio kuliko nia yangu,
anabisha hodi kiunoni, pajani, kifundoni:
jishikilieni, kuna jambo linakuja.
Sikumwona hata mara moja.
Kila nilipofika, alikwisha kupita.

Kiwiko nacho kina habari zake.
Msuli wa mbele ukivuta, wa nyuma hupata neno: legea.
Haulegei kwa udhaifu. Umepisha.
Zamu ikigeuka, utapishwa.
Kwa mama, lile neno la pili lilipotea njiani,
misuli yote miwili ikavuta kwa wakati mmoja,
kama Mudogo na Kisia na ule mpaka wa shamba,
na mkono ukasimama katikati,
haupandi, haushuki,
umechoka bila kufanya kazi.

Tulihesabu. Kunja, ngoja, kunjua.
Mara ishirini kabla ya uji, mara ishirini baada ya habari za redio.
Kuna siku alinitupia kijiko.
Nilifurahi: alikitupa kwa mkono wa kulia.

Julai, maharagwe mapya.
Akaomba ungo.
Nikampimia vikombe viwili tu, na maganda yake,
nikasimama karibu, mikono yangu ikiwa tayari.
"Usinichungulie kama daktari. Chunga kuku."
Akajisimamisha penye kizingiti.
Mkono wa kushoto ukaushika ukingo wa ungo mara moja,
wa kulia ukatafuta, ukapapasa, ukapata.

Sikuchunga kuku.
Nilitazama chini ya upindo wa kanga,
pale ngozi yake ilipokauka kwa majivu ya jikoni,
na nikaliona:
shavu la mguu likijikusanya, dogo, gumu,
kabla ya bega, kabla ya kiwiko,
kabla yeye mwenyewe hajavuta pumzi.

Ungo ukapanda upande.
Nusu ya maharagwe ikamwagika uani,
kuku wakaja mbio, mama akatukana kwa Kimaragoli,
neno ambalo sikuwahi kumsikia nalo,
akainua tena.