Chuma na Udongo

Stoke, saa kumi na moja alfajiri. Nafuta vioo vya makumbusho.
Chini ya kioo cha tatu, misumari ya Roma:
kutu tupu, ukiipulizia itakuwa vumbi.
Chumba cha pili, sahani zilizofinyangwa papa hapa,
zimechorwa dola isiyokuchwa jua.

Limekuchwa. Jana, saa kumi kasoro dakika kumi,
nililiona mwenyewe nikingoja basi.

Babu yake mama, Mwandoe, alibebeshwa risasi za watu hawa
toka Voi hadi Rufiji. Jina lake halikuandikwa popote.
Nyanya Wakesho husema alihesabu hatua kwa maneno ya nabii:
kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha,
tumbo la shaba, nyayo za chuma na udongo.
Akifika kwenye jiwe, anatua mzigo.

Sikusoma historia. Najua ndoo na sabuni.
Lakini nani aliyepanga zamu hii,
kitukuu cha mpagazi ndiye ashike funguo,
awawashie taa, awazimie,
chuma chumba hiki, udongo chumba kile,
na mlangoni, katikati, mimi na ufagio?

Sisemi nimeuona Mkono.
Hata mfalme yule aliona vidole tu, ukutani,
na magoti yakamgongana.

Kwenye kioo cha Roma, chini, upande wa kulia,
pana alama ya kiganja cha mtoto wa shule.
Kila siku huwa naifuta.
Leo nimeiacha.