Nilikaza au Sikukaza

Injini haikufa kwa kishindo.
Ilikohoa mara mbili, kama mtu anayetaka kusema jambo
kisha akaona haya,
ikanyamaza.
Nilikuwa mlangoni mwa banda, kikombe mkononi,
nikasikia sauti ambayo fundi haombei:
upepo peke yake.

Ndege ya njano, viti viwili, mdogo wangu kwa miaka minne.
Ndani yake Ilka, mwalimu mstaafu wa kemia,
aliyezoea kuniita "daktari" ili anicheke.
Alikuwa anarudi kutoka ng'ambo ya mto Tisza
na kreti ya aprikoti kwenye kiti cha pili,
ameifunga mkanda kama mtoto.

Mita mia na ishirini. Kona ya mwisho.
Uwanja wetu wa majani ulikuwa mbele ya pua yake,
pale pale, na haufikiki.
Kati yake na uwanja, shamba la Dezső:
alizeti hekta kumi na nne
zimetazama mashariki zote,
zimempa Ilka kisogo.

Hakuvuta usukani. Hilo nitalisema mbele ya yeyote.
Avutaye kwa hofu, ndege humbwaga kama gunia.
Yeye aliinamisha pua, akanunua mwendo kwa kimo,
akiba pekee aliyobaki nayo,
senti kwa senti, mpaka akaishiwa.

Nikaona vichwa vya njano vikiruka.
Kisha mkia. Kisha vumbi.
Kisha nikajikuta nakimbia, kikombe bado mkononi.

Mtulinga umevunjika. Meno mawili.
Magurudumu yamekunjika chini ya tumbo
kama miguu ya ndama aliyezaliwa sasa hivi.
Aprikoti kila mahali.
Ilka ameketi juu ya bawa, damu kidevuni:
"Bertalan," akasema, "nimekuvunjia."

Nimjibu nini?
Jumanne niliikaza klipu ya bomba la mafuta.
Niliikaza?
Mkono unakumbuka spana, spana zote
za miaka thelathini na sita,
ila haujui ya Jumanne ni ipi.
Usiku Rozália akawasha taa, akaniuliza nina nini.
Vidole vyangu vilikuwa vinazunguka juu ya shuka.

Alhamisi wakaja wakaguzi kutoka Budapest.
Kijana wa glavu za buluu akaishika klipu yangu.
Imekaza. Akaandika.
Sikushusha pumzi.
Kabureta, chujio, pampu: safi.
Kisha akachomeka waya kwenye bomba la pumzi,
kile kijibomba chini ya bawa
kinachoingiza hewa tangini mafuta yanapotoka,
na waya ukagota.

Udongo.
Nyigu mmoja, wa kiuno chembamba,
aliona tundu, akalipenda,
akabeba matope ya Tisza tonge baada ya tonge,
akajenga chumba, akaweka buibui watano
walioleweshwa sumu, na yai moja.
Tangi likataka kuvuta pumzi, likakosa.
Lita thelathini zilikuwamo mle,
zimegoma kutoka.

Kijana akacheka kidogo. "Hakuna aliyekosea," alisema.

Lakini kwenye orodha yangu, mstari wa kumi na tisa:
*kagua bomba la pumzi.*
Kando yake alama ya tiki, kwa kalamu yangu.
Niliinama Jumanne, nikachungulia?
Au nilijua tu kwamba halijawahi kuziba?

Hajaniuliza mtu.
Ilka ameleta jamu, ya aprikoti zilizookotwa shambani.
Kwenye karatasi ameandika, kwa mkono wa kushoto:
*Kwa daktari. Ukitafuna punje ya alizeti, usinilaumu.*
Sijaifungua.

Wakaguzi walipomaliza picha zao
nilikiomba kile chumba cha udongo.
Kipo dirishani, ndani ya kasha la kiberiti.
Jana asubuhi
kilikuwa na tundu upande mmoja.