Mkono wa Kushoto wa Bi Nyabenda

Hapa Kibirizi tunapima joto la wasafiri
kabla hawajakanyaga mchanga mkavu.
Boti imetoka ng'ambo usiku, imebeba vitenge,
madumu ya mawese, mbuzi wawili,
na kijana aliyejifunika shuka hadi masikioni
akisema ni mbu tu.

Hawakuwa mbu.
Vipele vimejaa viganjani, vigumu, vimebonyea katikati,
kama punje za mahindi zilizochomekwa chini ya ngozi.
"Tetekuwanga," alisema mchukuzi, akarudi nyuma hatua tatu.
Nami nilirudi moja. Naiandika hapa
kwa sababu kwenye daftari la zamu sikuiandika.

Tulimlaza chumba cha mwisho, kile cha kuwekea vyandarua.
Nani atampelekea uji?
Kila muuguzi alitazama viatu vyake.
Mimi nilizaliwa mwaka themanini na sita:
alama ya kifua kikuu ninayo, ya ndui sina.
Walipotangaza imekufa, walifunga sanduku la sindano.
Nani humtilia komeo mwizi aliyezikwa?

Ndipo Bi Nyabenda, anayefua mashuka yetu,
akaegemeza ufagio ukutani, akakunja mkono wa gauni.
Kovu.
Pana kama senti ya zamani, limekunjamana
kama utando wa maziwa yaliyopoa.

"Nilikuwa darasa la pili, huko Kasulu.
Walikuja na Landrova. Sindano ina meno mawili, kama nyoka.
Wakadonoa, wakadonoa, mara kumi na tano, nilihesabu.
Mama alinificha kwenye kihenge cha mahindi,
dada yangu Buhoro akanichongea.
Yeye ndui ilikwishampitia.
Ilipoondoka, iliondoka na jicho lake moja."

Nikamweleza nilichosomeshwa:
kwamba alichotiwa mkononi hakikuwa ndui yenyewe
bali binamu yake mpole, wa upande wa ng'ombe;
kwamba damu ikishamjua mmoja kwa sura
humshuku hata ndugu yake akibisha hodi,
ajapokuja na jina jipya, ajapopitia kwa nyani au panya wa msituni.
Lakini miaka hamsini na kitu ni mingi, Bi mkubwa.
Mlinzi huzeeka, husinzia langoni,
wala hapa hatuna kipimo cha kumwamsha tumwulize.

"Hata mimi nasinzia," alisema,
"lakini paka akigusa dagaa, naamka."

Nilimvalisha glavu. Akacheka, akavaa, na barakoa pia,
kwa kunionea huruma.
Siku kumi na tisa aliingia na uji wa ulezi,
akatoka na ndoo ya mashuka inayonuka klorini.
Kupitia ukutani nilimsikia akimsimulia kijana
bei ya migebuka Ujiji, na jirani wa Gungu
aliyeuza bati la choo akajengea kuku.
Kila asubuhi nilimkagua viganja
kama mwalimu anayekagua kucha,
nikiogopa macho yangu mwenyewe.

Sikuona kitu.
Sijui kama ni kovu, ama glavu, ama bahati.
Hakuna kati ya hizo iliyosaini daftari.

Lugha yetu hii:
huchanja kuni, huchanja chale, huchanja mtoto.
Zamani niliona ni ubahili wa maneno.
Siku hizi nawaza, huenda aliyelitunga alijua
kuna majeraha ya kupashia nyumba moto.

Kijana aliondoka Jumanne, ngozi mpya viganjani,
akapungia mkono dirisha ambalo hakujua nani yuko nyuma yake.
Bi Nyabenda alikuwa anakamua shuka la mwisho.
"Na wewe, watakuchanja lini?"
Nikasema tumeambiwa tusubiri.

Akanishika kiwiko kwa vidole vyenye povu,
akaugeuza mkono wangu kwenye mwanga, juu, chini.
"Mkono safi," alisema.
Hakuwa ananisifu.