Futi Tisa

Ukuta ule niliujenga mimi.
Futi tisa kwenda juu, na kileleni vigae vya chupa
nilivyovipanda kwa mkono kabla simiti haijashika.
Mawe ya chimbo lori saba, siku kumi na tisa.
Tajiri hatukumwona. Alikuja dereva wake na bahasha.

Kabla yake hapo Mishomoroni palikuwa uwanja,
mchanga mtupu, magoli makopo ya rangi,
Tsuma wa Mwanakombo akidaka na soksi mikononi.
Siku waliyorudi shule wakakuta msingi umechimbwa
walikaa juu ya kifusi, mpira mapajani,
wakanitazama nikipima kwa timazi.
Tsuma akauliza, "Fundi, mlango utakuwa wapi?"
Nikamwambia niletee maji ya simiti.
Akaleta.

Baina ya ukuta na nyumba pamebaki
uchochoro wa hatua nne.
Taa ya mlingoti ilikufa Ramadhani,
ya mwaka gani, wabishane wenyewe.
Bi Saumu hufunga duka kabla ya isha.
Wavulana hawakuhama. Wahamie wapi?
Chumba kimoja, watu saba, na baba kalala zamu ya usiku.
Husimama ukutani bega kwa bega
kama timu inayongoja kupigwa picha.
Ng'ambo ya barabara kuna wengine, na ukuta wao.

Redioni wanasema ni bangi, ni malezi.
Sibishi.
Lakini mimi fundi, najua maji ukiyaziba njia
hayendi zake: hupanda ndani ya jiwe kimyakimya
na chokaa ikabambuka chumba usichokidhania.

Jumatano ile walimfukuza, wanane,
naye panga lake kiunoni, nisimsafishe.
Uchochoro ukamwishia.
Akaruka. Kipa ni kipa: alishika kileleni,
chupa zangu nazo zikamshika.

Yu hai. Vidole viwili havikunji tena.
Nilimpelekea machungwa hospitalini.
Aliyamenya kwa meno, hakuniuliza kitu.

Juzi usiku nilikwenda na chaki.
Nikachora mlango, futi tatu kwa saba, vipimo sawasawa.
Patasi nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa.

Asubuhi nikapita tena.
Mtu, sijui nani,
alikuwa ameuchorea kitasa.