Safu ya Jua

Jua la Julai hapa Isyonje ni la kuazima:
linatoka saa nne, ukungu ukiridhia,
saa kumi limesharudi kwa mwenyewe.
Paneli juu ya bati la ghala la viazi
hukinga kile inachopewa.
Siku njema betri hufika nusu na kidogo.

Mimi ndiye mhasibu, Tuntufye Mwasomola.
Wanachama mia nne na kumi na wawili,
kila mmoja na magunia yake,
na mkopo wake wa mbolea,
na mdomo wake.

Juzi niliviweka mezani vyote viwili:
laptopu tuliyoachiwa na mradi, nzito kama jiwe la kusagia,
na simu yangu, yenye ufa toka kona hadi kona.
Hesabu ileile, safu zilezile.
Nikashika saa ya marehemu mama, ya mshale mwekundu.

Laptopu: sekunde sita.
Simu: thelathini na moja,
kaduara kakizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Ambokile, msimamizi wa mizani, akacheka:
"Ng'ombe ni ng'ombe, dada. Huwezi kulima kwa mbuzi."

Ng'ombe, sawa. Lakini mtazame anavyokula.
Feni imeanza kupiga mluzi,
hewa ya moto inamtoka ubavuni.
Nikaweka vidole pale, ganzi ikaniachia,
nikaona raha, kisha nikaona aibu:
jua la watu mia nne, mimi naotea moto!
Betri ya ghala ilianza na sitini.
Nilipomaliza herufi M
(na huku kwetu karibu wote ni M)
ilisoma arobaini na tatu.
Simu, kwa kazi hiyohiyo, ilikuwa imelamba mbili.

Gwamaka, fundi wa Mwanjelwa, aliwahi kunifungulia moja.
Akanionyesha prosesa kwa ncha ya bisibisi,
kitu kama ukucha wa mtoto,
hakina feni, hakina hata pua.
Humo ndani, alisema, wamo vibarua wa aina mbili:
wakubwa wa kuitwa siku ya mavuno,
na wadogo wa kulinda moto usizimike.
Ukisoma ujumbe, wakubwa wamelala.
Ukitazama saa, wakubwa wamelala.
"Na kwenye laptopu?"
"Hii yenu ya zamani? Wote wakubwa.
Hata kutazama saa wanaamka wote, wanavaa viatu."
Akapuliza vumbi. "Mpya zimeshajifunza.
Ila bei yake usiniulize kabla sijakaa."

Ningeishia hapo, nikawasifu wadogo.
Lakini usiku ule bwana ushirika akataka misimu mitano,
mtu kwa mtu, gunia kwa gunia,
na laptopu ilishazima, kimya, katikati ya jina.
Nikaipa simu mzigo wote.
Ikabeba. Ikapata joto. Ikabeba.
Halafu ikajipunguzia mwendo yenyewe,
kama mtu anayepanda Uporoto na kulijua pafu lake.
Dakika ya kumi ilikuwa ya moto kama kiazi cha majivuni,
na kaduara hakazunguki tena, kanafikiri.

Nikatoka nayo nje.
Sakitu ilikuwa imeanza kushuka,
ileile iliyotuunguzia shamba la chini mwaka juzi,
majani mabichi jioni, meusi asubuhi.
Nikailaza simu juu ya jiwe la kizingiti,
nikachuchumaa na shuka langu la kimasai, nikisubiri.
Ikashika mwendo.
Baridi iliyotufilisi ilikuwa inaipepea,
bure, bila waya.

Saa sita kasoro hesabu zilitimia.
Sikusikia vidole.

Sasa kwenye daftari, baada ya mbolea, magunia na usafiri,
nimechora safu mpya kwa rula, nimeandika juu yake: Jua.
Ambokile kaiona, kaniuliza ya nini.
Nimemwambia, ni makato.
Bado sijajua nimkate nani.