Kipaza Sauti Kikiwa Kimezimwa

Baba alipokufa, mama hakulia pale Bombo hospitali,
wala tulipomshusha kaburini Msambweni.
Alilia jioni, redio ilipolitaja jina:
Bakari Shemzigwa, wa Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Msomaji hakulirukia, hakulibananga
kama karani wa wodi aliyeandika Shemzinga.
Alikohoa kidogo pembeni, akalisoma zima,
akanyamaza kiasi cha mtu kumeza mate,
ndipo akaendelea na marehemu wa Korogwe.

Tangu siku hiyo Mhina Shekolowa
akawa mtu wa kwetu.
Saa ya ukutani ilirekebishwa kwa kauli yake.
Akisema petroli imepanda, imepanda,
hata kama kituo cha jirani kinauza bei ya jana.

Sasa kastaafu. Yumo kwenye televisheni
kila Jumamosi, taarifa ya habari ikiisha:
meza kama ile, tai ile ile ya kahawia,
karatasi anazigongagonga zilingane
kama zamani kabla ya habari za nje.
Ila katikati ya meza pana chupa.
"Nuru ya Figo," anasema, "elfu sitini na tano,
na mimi mwenyewe naitumia."
Chini ya kioo yanapita maandishi
madogo, mbio, kama sisimizi waliomwagiwa maji:
kipindi hiki kimelipiwa.
Mama hasomi bila miwani,
na miwani aliikalia mwaka juzi.

Hii ni chupa ya nne. Vidonge vya Bombo
vimelala kabatini, nyuma ya kopo la majani ya chai.
Nikimwambia, ananitazama juu mpaka chini,
fundi redio wa kibanda kimoja,
niliyewahi kuunguza feni ya msikiti:
"Wewe na Shekolowa, nani msemakweli?"

Mfungo Saba wakamleta Tanga.
Ukumbi wa hoteli, Chumbageni, viti vya kukodi,
na mimi ndiye niliyeitwa kufunga spika.
Nilimbana kipaza sauti kwenye ukosi wa koti.
Alinukia dawa ya kifua. Mkono ulimtetemeka.
"Mzee, uliwahi kumsoma baba yangu."
"Niliwasoma wengi, mwanangu. Nilimsoma vizuri?"
"Ulimsoma vizuri."

Nikamweleza ya mama. Sukari kumi na tisa.
Miguu inayowaka moto usiku.
Akatazama kidole changu kwenye swichi,
akaona taa nyekundu haijawaka,
akasema kwa kisauti ambacho sikuwahi kukisikia redioni:
"Arudie vidonge vya hospitali. Leo hii.
Hiyo chupa amwagie bustani."
Kisha, sikumwuliza:
"Pensheni yangu, mwanangu, ni ya kununulia dagaa."
Akakohoa pembeni, kama zamani.
"Haya, nifungulie."

Ningeweza kufungua mapema, sentensi mbili tu nyuma.
Nimelifikiria sana hilo.
Lakini nilikuwa nimelipwa nusu,
nusu baada ya kazi.
Nikafungua.
"Ndugu zangu wa Tanga," ikaunguruma ile sauti,
na ukumbi mzima ukakaa sawa vitini.

Usiku nilirudi na spika kwenye mkokoteni.
Mama alikuwa macho. Nikamwambia yote,
hata lile la bustani.
Akasikiliza ameinamisha kichwa
kama asikilizavyo redio yenye mikwaruzo.

"Kasema saa ngapi?"

"Saa kumi na robo, mama."

"Mbona Bi Mwanamvua alikuwa kiti cha mbele,
na hayo hakuyasikia?"